Asali kwenye Muundi wa Issufo

Mume wangu Issufo alijikata siku ya nne ya Ramadhani, asubuhi, akivuta bati kutoka kwenye kifusi cha nyumba yetu ya Mute. Tulikuwa na miezi miwili tangu turudi kutoka kambi ya waliokimbia vita. Nyumba ilichomwa siku tuliyoondoka, na mabati yalikuwa yamelala juu ya kila kitu, yameota kutu. Alikuwa anachagua yanayofaa kuezekea jiko. Moja likateleza, likampasua muundi kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo. Niliuona mfupa kabla damu haijaufunika.

Eusébio alikuwa anamsaidia. Ni mrina asali wa Pundanhar. Kambini hema lake na letu yalikuwa yanatazamana. Alivua shati, akaufunga mguu, akaondoka. Alasiri alirudi na chupa mbili.

"Hii kubwa ni asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma," aliniambia. "Ni chachu, usiiweke kwenye uji. Hii ndogo ni ulimbo wanaozibia mzinga, nimeuyeyusha na nta. Huu paka pembeni tu, ngozi isiyojeruhiwa isilowe. Na usimmiminie asali kama mchuzi, shemeji. Paka kwenye kitambaa, kitambaa ndicho ukiweke kwenye kidonda."

"Na akiilamba je?"

"Nyie watu wa pwani! Nyuki mnamkimbia, asali mnaililia."

Issufo alikuwa amelala mkekani, midomo imepauka, lakini alicheka. "Msikilize, Wahida. Vita tulikimbia wote, lakini huyu mbio alishafundishwa na nyuki."

Nilichana kanga yangu ya zamani, nikaichemsha, nikaianika mahali pasipo na vumbi. Asubuhi na baada ya futari nilikiosha kidonda kwa maji yaliyochemka na kupoa, yenye chumvi kidogo, halafu nikaweka kitambaa cha asali. Mara ya kwanza aliuma meno mpaka jasho likamtoka. Siku ya pili sisimizi walimpanda, nikamhamishia kitandani, miguu ya kitanda nikaisimamisha kwenye makopo ya maji. Yeye alikuwa analalamika kwa majirani: "Mguu wangu unakula asali mchana kutwa, mimi mwenyewe nimefunga. Nani atapata thawabu?"

Siku ya sita ya mwezi, brigada ya afya ilikuja na gari lao, wakafunga turubai karibu na shule. Nilimpeleka akijikongoja na fimbo. Nesi alikuwa dona Gracinda, mwanamke wa bara, Mkristo. Alifungua kitambaa, akanusa, akabonyeza pembeni kwa kidole.

"Nani anakifunga hiki?"

"Mimi."

"Ungekuwa nesi, mama. Ni kisafi kabisa."

Sentensi hiyo niliishika kama mtu anavyoshika zawadi.

"Asali ni nzuri, sikatai," aliendelea. "Lakini inatibu unachokiona. Bati la kifusi lina udongo, na udongo una tétano, pepopunda. Hiyo huioni kwenye kidonda, na ikishika inaua. Baba, umewahi kuchomwa sindano yake?"

"Sikumbuki."

"Basi nipe bega." Alikuwa ameshaitoa kwenye sanduku la baridi.

Issufo akavuta mkono. "Nimefunga, dona. Sindano inaharibu funga. Nichome jioni."

"Saa tisa tunaondoka. Barabara hii jioni haipitiki, unajua mwenyewe. Tutarudi baada ya wiki mbili."

"Wiki mbili si mbali. Idi itakuwa inakaribia. Nitakupa mabega yote mawili."

Gracinda akanigeukia mimi. "Mama, ndivyo dini yenu inavyosema?"

Nilikuwa najua. Kwenye chuo cha Kurani tulisomeshwa kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula, akipona atalipa. Na sindano ya dawa sikumbuki mwalimu yeyote kusema inafunguza. Lakini Ramadhani mbili tulizifunga kambini, kwa mchele wa kugawiwa, na Issufo alikuwa ameapa kwamba hii ataifunga thelathini nzima nyumbani kwake, hata kama nyumba yenyewe ni turubai. Sikutaka kumwumbua mbele ya mwanamke mgeni. Na kidonda kilikuwa kisafi, kwa mkono wangu.

"Yeye ndiye aliyefunga," nilijibu.

Nesi aliirudisha sindano kwenye sanduku.

Kidonda kilijaa nyama kutoka chini, nyekundu, bila harufu. Siku ya kumi na saba ya mwezi kilikuwa kimefunga, umebaki mstari wa waridi. Issufo alikunja suruali msikitini kuwaonyesha watu. Jioni ya kumi na nane nilipika muhogo wa nazi. Hakuugusa. Alikunywa uji tu, polepole.

"Taya limechoka," alisema.

"Limechoka na nini? Hujala tangu alfajiri."

Alitabasamu. Kesho yake mchana alikuwa bado anatabasamu, nami nikafurahi, nikidhani mwezi unamwendea vizuri. Mtu akiwa na njaa humwulizi kwa nini hafungui kinywa. Alasiri jirani yetu Zuleica aliangusha mfuniko wa sufuria. Issufo alikakamaa, mgongo ukapinda kama upinde, kichwa na visigino tu ndivyo vilivyogusa mkeka. Na uso bado unatabasamu.

Tulimpakia kwenye pikipiki ya Eusébio, mimi nyuma nikimshikilia, hadi hospitali ya Palma. Walimweka chumba cha giza, wakatukataza kuzungumza. Wakamtundikia soro, maji ya kuingia mshipani. Gracinda alikuwa zamu. Aliinua shuka akautazama mguu muda mrefu, akiupapasa kama anayetafuta kitu kilichopotea.

"Kimefunga vizuri," alininong'oneza.

Issufo alikaa siku tatu. Fahamu zake hazikumtoka. Kila mlango ulipogongwa alikuwa anajua kinachokuja. Alikufa mwezi ishirini na mbili, kabla ya adhuhuri, baada ya mshtuko uliomkata pumzi.

Baada ya Idi nilikwenda kwa shehe Abdulcarimo kuuliza kama nimfungie mume wangu zile siku tatu za soro.

"Hadaiwi hata moja," alisema. "Mgonjwa aliyekufa na ugonjwa wake hana la kulipa. Tangu siku aliyojikata alikuwa na ruhusa ya kula. Na nasikia alikataa sindano. Nani alimwambia inaharibu funga?"

"Alijiambia mwenyewe."

"Na wewe, Wahida, umesoma. Ulikuwa hujui?"



"Nilijua, shehe."

Muadhini akaanza kuadhini, naye akanyanyuka kwenda kutia udhu.