Siku Mume Wangu Alipofaulu Mtihani wa Mgongo

Mume wangu ni fundi makochi, na mtaa mzima unamwita Chuma. Jina hilo ndilo lililotuponza. Mtu akishaitwa Chuma hawezi hata kukohoa hadharani, sembuse kusema mgongo unamuuma. Kwa hiyo siku aliyobeba kochi la watu watatu peke yake, mteja akimtazama, na kitu kikalia "kwaa!" kiunoni mwake, alilitua kochi taratibu, akapangusa jasho, akasema mbao za siku hizi zina kelele.

Tangu hapo ikawa vituko. Nyundo ikimdondoka haiokoti, anaisimamia mpaka mtu apite. Soksi namvalisha mimi. Kitandani anageuka kwa awamu: kwanza kichwa, kisha mabega, halafu mimi ndiye wa kusukuma yaliyobaki. Nikimuuliza kama anaumwa, ananitolea macho. "Nani? Mimi?" Na akaniapisha nisimwambie mtu.

Yote hayo ningeyameza. Lililonikaa rohoni ni la binti yetu. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike, na kila Jumapili alikuja naye kwetu. Kila alipotaka kumpa babu yake ampakate, babu alipatwa na dharura: mara simu, mara choo, mara mikono ina gundi. Jumapili ya tatu binti yangu alinifuata jikoni, machozi yanamlengalenga.

"Mama, baba hampendi mwanangu. Alitaka wa kiume, siyo?"

Nikafungua mdomo nimwambie, nikakumbuka kiapo, nikaufunga. Ujinga ule sijajisamehe mpaka leo.

"Basi Jumapili ijayo simleti," akasema. "Wala nyingine."

Walipotoka tu, nilimtolea mume wangu uvivu. "Keshokutwa unakwenda kwa mtaalamu wa viungo. Usipokwenda, nasimama barabarani natangaza nani anayekuvalisha soksi."

Akakubali, lakini kabla ya kwenda akapita kwa kinyozi kuomba ushauri. Kinyozi wetu hajawahi kutibiwa na mtaalamu wa viungo hata mara moja, kwa hiyo anajua kila kitu kuhusu wao.

"Wale wanakupima," alimwambia. "Ukionyesha unaumwa, umekwisha. Wanakufunga plasta ngumu toka kwapani mpaka magotini, miezi sita. Dawa ni kufaulu."

Siku mbili mume wangu alijifungia chumbani akijifunza kuinama. Mlangoni nilisikia "aa! oo! yalaa!" na baadaye, "nimeweza!" Siku yenyewe alimeza vidonge vya maumivu bila kunishirikisha, akavaa suti aliyonioa nayo, ambayo vifungo vyake vilikuwa vikisikitika toka nyumbani. Nilishangaa jinsi alivyonyooka. Hatukusalimiana na mtu njiani kwa sababu shingo haikugeuka.

Mtaalamu alikuwa msichana mdogo, mpole, mwenye viatu vya raba. Juu ya meza yake palikuwa na mfano wa uti wa mgongo, pingili za plastiki zilizotungwa kwenye waya.

"Karibuni. Mzee, hali yako?"

"Nzuri kabisa."

"Mgongo je?"

"Mzuri. Wa kwako?"

Binti wa watu akatabasamu, akamweleza kwamba sifuri ni kutoumwa kabisa, kumi ni maumivu yasiyovumilika, yeye yuko wapi?

"Sifuri," mume wangu akasema. Akamwona anaandika, akaongeza, "Andika sifuri mbili."

Mimi kwenye kiti changu hasira zilikuwa zimenifika hapa. Lakini ngoja. Akaambiwa avue viatu, ainame kadiri awezavyo. Akainama! Kisha, kabla sijapiga makofi, akarudi juu "bwii!" na kuyumba mara mbili tatu.

"Mzee," mtaalamu akasema, "sijawahi kuona mtu anayeinuka haraka kuliko anavyoinama. Hebu vua koti na shati niuone huo mgongo."

"Si nimeshafaulu?"

"Hakuna kufaulu hapa, baba. Vua tu."

"Aliyefaulu haombwi kurudia," akasema Chuma, akageuka achukue viatu vyake chini ya kitanda. Akainama. Nikasikia sauti ya kitu kinachanika, na hapo ndipo nilipoelewa. Kumbe ndani ya shati alikuwa amejizungushia ile mikanda ya mpira anayotandika chini ya makochi, akaivuta mpaka mwisho na kuibana kwa pini. Pini zikaachia. Mpira ukachomoka kwa nyuma, ukapiga ule mfano pale mezani, waya ukakatika, na pingili zote zikamwagika sakafuni zikigongana.

Mume wangu alikuwa amekwama pale pale, kichwa chini, hajui kilichotokea nyuma yake. Alichokiona ni pingili moja ikibingirika kati ya miguu yake.

"Mke wangu!" akapiga yowe. "Uti wangu! Ziokote! Usipoteze hata moja!"

"Baba, tulia, hizo ni..."

"Inauma! Inauma, daktari! Andika kumi! Nilimeza vidonge! Hata soksi sivai mwenyewe!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini, katikati ya pingili. Najua mke mwema angelia kwanza. Mtaalamu naye alikuwa ameuma midomo, lakini alimshika, akamlaza kitandani polepole, akampapasa mgongo wote na kumpima miguu. Alipomaliza akamwambia hakuna kilichovunjika, misuli ndiyo iliyovutika na kukaza. Siku nyingine aje na nguo pana za kumruhusu kujongea, aseme kila dawa aliyomeza, na aseme panapouma, kwani yeye hana namna ya kutibu mgongo unaodanganya. Plasta haipo. Yapo mazoezi, asubuhi na jioni, chali juu ya mkeka, magoti juu.

"Na kwa sasa usiiname kunyanyua kitu."

"Hata mtoto mchanga?" mume wangu akauliza, kwa sauti ambayo sikuizoea.

"Hata mtoto, mzee. Kwa sasa."

Tulipofika nje ndipo aliposema, macho yakiwa barabarani, "Ningemwangusha, mama. Kila akiletwa naona namwangusha." Hasira zangu zote za majuma matatu zikaniisha pale pale, nikabaki namhurumia tu. Lakini kumpigia binti yake simu hakuthubutu. Nikapiga mimi, nikamwambia aje na mtoto na asiniulize.

Jumapili binti yetu aliingia uso umekunjamana, mtoto kamkumbatia, hata kiti hakutaka. Akamkuta baba yake sebuleni, chali juu ya mkeka, bukta pana, magoti juu, katikati ya zoezi. Chuma alijaribu kuinuka apatwe na dharura. Haikuwezekana. Akalala tena, akatazama dari.

"Baba, umefanyaje?"

Nilidhani atasema anatafuta bisibisi.

"Naumwa mgongo, mama yangu," akasema. "Siku nyingi tu. Siwezi kunyanyua kitu. Niliogopa nitamwangusha mwanao, basi, ndiyo maana nakimbia. Simchukii. Namtamani mpaka naumwa zaidi."

Binti yetu akapiga magoti.

"Kwani nani kakwambia umnyanyue?" akasema, akamlaza mtoto kifudifudi juu ya kifua cha babu yake.

Mume wangu akamfunika kwa mikono yote miwili, kidogo kidogo. Mtoto akamtazama, akafikiri, akamkojolea. Binti yangu akaruka amchukue.

"Mwache," Chuma akasema, maji yanamtiririka mbavuni na mengine machoni. "Mwache kwanza."