Mafundo Tisa ya Kahaso

Siku ya ishirini na tatu ya Ramadhani, Uhuru ukiwa na miaka sita, Mbodze alikuwa uani kwake Gazi akikuna nazi ya mhogo wa futari. Mama yake, Kahaso, akasukuma mlango wa nyuma, akakung'uta mchanga miguuni, akaketi mkekani mahali pake pa kila siku. Alikuwa amekufa mwezi wa Rajabu. Tangu siku ya kwanza ya Ramadhani alikuja kila magharibi, na hakuchelewa hata mara moja, jambo lililomshinda kabisa alipokuwa hai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tui usilitie maji mengi, hebu."

Kule mbele barazani, Mzee Boga, baba yake Mbodze, akaisikia sauti ya mkewe. "Mwambie mama yako nimemsalimu!"

"Zimefika," akajibu Kahaso.

Adhana ikalia. Mbodze akamsogezea mama yake kisahani cha tende. Kahaso akazitazama sana, kisha akakirudisha kisahani kilikotoka, kama alivyofanya siku zote zile ishirini na mbili. Mbodze leo hakuvumilia.

"Mama, chakula changu kina nini?"

"Chakula chako hakina neno. Mimi nadaiwa." Akaitandaza pembe ya leso yake magotini. Ilikuwa na mafundo tisa. "Huko tuliko, mwenye deni la siku hali futari. Hukaa akatazama wenzake."

Mbodze aliyajua mafundo. Mwanamke akiingia mwezini hafungi, na kila siku anayokula huwa deni la kulipwa kabla ya Ramadhani nyingine. Wanawake wa Gazi walihesabu kwa leso: siku ya kula, funga fundo, siku ya kulipa, fungua fundo. Kahaso alifungua mengi maishani mwake. Hayo tisa yalimshinda.

"Kila nikisema kesho nitalipa, kuna mimba. Kama si mimba, kuna mtoto anyonya. Kama si mtoto, mpunga wataka kupaliliwa, au baba yako kaleta wageni."

"Na baba hukumwambia?"

"Mambo ya mwezi umwambie mwanamume? Wewe nawe! Nilikuwa nikila mhogo wa kuchoma kule nyuma ya jiko, wima, kinywa kimejaa. Baba yako akiuliza, 'Wafanya nini huko?' namwambia, 'Napuliza moto.' Miaka thelathini mimi napuliza moto."

Mbodze akasema atamlipia yeye, siku zote tisa.

"Mungu akubariki. Lakini ndani ya Ramadhani hakulipwi deni, na mwezi ukiandama ruhusa yetu ya kuja imekwisha. Utanilipia, ila hutaniona nikila."

Basi Mbodze akalia pale pale, mbuzi ya nazi katikati ya magoti. Alimpenda mama yake, na ule mwaka wa mwisho alimpikia uji tu. Alitaka amwone akila chakula cha maana mkekani pake, japo mara moja. Na mwezi wake mwenyewe ulikuwa ukimjia siku ya ishirini na saba. Angeanza na madeni yake, ndipo ya mama yafuate.

Asubuhi akaenda Msambweni, kwenye zahanati. Nesi alikuwa Kanyiva, Mkamba wa Shimba Hills, mwenye mkono mwepesi na Kiswahili cha bara. Mbodze akamweleza kuwa anataka kufunga moja kwa moja mpaka mwisho.

"Iko dawa," Kanyiva akasema, akimhesabia vidonge kwenye karatasi. "Moja asubuhi, moja mchana, moja jioni."

"Nimefunga, nesi."

"Basi futari, kulala, na daku. Ukimeza hii, mwezi haitoki mpaka uache. Ukiacha, siku mbili, tatu, inatoka."

"Hautoki," Mbodze akamsahihisha.

"Haitoki, hautoki, dawa ni hiyo hiyo." Wakacheka wote wawili. Wala hakuna aliyeuliza ni mwezi upi.

Ishirini na saba ikapita kavu. Jioni ya ishirini na tisa wanaume walisimama ufukweni nyuma ya msikiti, wasione kitu. Jioni ya thelathini mbingu zilikuwa safi, nyota zote zipo kwenye vituo vyake, na mwezi hakuna. Wakajadiliana mpaka isha. Imamu akasema mwezi wa Kiislamu hauna siku ya thelathini na moja. Mzee Boga akasema Gazi haijawahi kula Idi kwa kubahatisha. Wakakubaliana kwamba kesho itakuwa thelathini tena.

Kwa hesabu ya imamu Ramadhani ilikuwa imetimia, na mwezi bado haujaandama; basi katika daku, Mbodze peke yake alinuia siku hiyo kuwa ya mama yake. Magharibi Kahaso akaja, akaketi, akafungua fundo moja.

"Hii imeingia," akasema, akaulaza ule mkia wa leso kwa kiganja.

Thelathini ya tatu akaja Chande, mume wa Mbodze, aliyekuwa mtunza bustani hotelini Galu. "Jamani, Galu wamekula Idi juzi! Mwezi nimeuona kwa macho yangu haya, juu ya mnazi wa meneja."

"Huo ni mwezi wa Galu," Mzee Boga akamwambia.

Chande, aliyekuwa ameshakula pilau mara mbili, akaona haya, akatia nia upya.

Siku zikaenda. Maji ya bamvua, yaletwayo na mwezi mwandamo, hayakuja, bahari ikabaki ikichezea palepale kwenye mizizi ya mikoko. Watoto wakaacha kuulizia nguo mpya. Mbodze alirudi kwa Kanyiva mara moja kuongeza vidonge. Kila magharibi fundo moja lilifunguka, naye alizidi kuuzoea ule mlango wa nyuma ukisukumwa. Akaanza kuwaza kwamba hata mafundo yakiisha, vidonge vikiwepo, mama atakuwa akija. Wazo hilo lilikuwa tamu, na alilificha.

Thelathini ya saba Mzee Boga alianguka akiswali alasiri. Wakambeba hadi barazani, wakampa maji ya ndimu, akafumba mdomo. "Sifungui mpaka jua litue," akasema, na meno yanagongana.

Magharibi hiyo yalibaki mafundo matatu. Mbodze alikuwa na vidonge mkononi.

"Usivimeze hivyo," Kahaso akasema.

"Nikiacha, utaondoka."

"Mimi nimeshaondoka, mwanangu. Walio hapa ni hawa wenye njaa." Akamshika kidevu. "Nami napenda kuja. Usidhani sipendi."

Mbodze akavifukia jivuni. Siku mbili au tatu, nesi alisema, na mafundo ni matatu.

Siku ya kwanza likafunguka moja. Ya pili, jingine. Jioni hiyo ya pili wanaume wakaenda ufukweni, na Mbodze akasimama uani akisikiliza. Wakarudi kimya. Hajawahi kushukuru kimya cha wanaume kama usiku ule.

Siku ya tatu alipika kila alichokuwa nacho: mhogo wa nazi, kunde, tambi za sukari, samaki wa kupaka. Kahaso akaja, akalifungua fundo la mwisho kwa meno maana lilikuwa la zamani. Adhana ikalia. Akachukua tende, akasema bismillahi, akala. Akanywa maji. Akala mhogo, akarudia.

"Tui limekuwa zito," akasema. "Sasa umejua kupika."

Mbodze akalisikia tumbo likimkata chini ya kitovu. Ufukweni watu wakapiga kelele: mwezi huo! Alipogeuka, mkekani palikuwa na leso imekunjwa, pembe zake zote zimenyooka.

Ijumaa yake imamu alieleza kwamba palikuwa na wingu jembamba, nalo liliganda siku tisa. Wanaume wakaridhika. Wanawake watatu wa mtaani, waliojua kuhesabu siku kwa leso, walimletea Mbodze sukari, na hakuna aliyesema ni ya nini.

Mwaka uliofuata, siku ya kumi na mbili ya Ramadhani, Mbodze alisimama wima nyuma ya jiko, kinywa kimejaa mhogo wa kuchoma. Begani alikuwa na leso ya mama yake, na pembeni mwake fundo moja jipya.

"Nani huko?" Mzee Boga akauliza kutoka barazani. "Wafanya nini?"

Mbodze akameza kwa shida. "Ni mimi, baba. Napuliza moto."

"Haya, mwanangu," akasema mzee kwa upole. "Mama yako naye, Mungu amrehemu, alikuwa hodari wa kupuliza moto."