Mtani Kutoka Makao Makuu

Tangu nihamishiwe Nyamwaga, mdomo wangu umekuwa kama redio isiyo na betri. Si kwamba Wakurya hawacheki. Wanacheka mpaka wanashika mbavu, ila kwa Kikurya. Mimi Masanja, Msukuma wa Kahama, afisa mikopo wa tawi la benki, nikitoa kichekesho changu kwa Kiswahili, wananitazama kwa adabu wakisubiri niendelee.

Mchana meneja wetu, Waitara, huenda kula kwake. Akello wa kaunta hula kwa wifi yake hapo sokoni. Mimi hubaki na ugali wangu kwa mama ntilie, tukitazamana. Jumapili ndiyo usiseme. Kuna Jumapili nilimsalimia ng'ombe wa jirani, naye akanigeuzia mgongo.

Kwa hiyo tulipoambiwa makao makuu wanamleta mshauri wa kazi, akae na kila mfanyakazi faragha amuulize anataka kufika wapi, mimi jibu nilikuwa nalo. Kahama. Tawi la kule lilikuwa na nafasi. Nikajifunza mbele ya kioo: "Naomba uhamisho. Hapa nina upweke." Hilo neno la mwisho ndilo lilikuwa linanishinda. Kila nikilifikia, yule wa kwenye kioo anataka kucheka.

Siku yenyewe Waitara alinivuta pembeni, akaniita kijana kwa Kikurya chake. "Mura, leo usilete mambo yako. Huyu mama akishapendekeza, ndiyo imetoka."

"Leo mimi ni kaburi, bosi."

"Unaona? Umeshaanza."

Akello aliingia kwanza, akatoka meno yote nje: anapelekwa kozi ya uhasibu. Zamu yangu. Nikamkuta mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni. Nikampa shikamoo yangu safi.

"Marahaba. Mimi naitwa Efrazia, natokea Dodoma."

Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa Kahama. "Dodoma? Mgogo kabisa?"

"Kabisa. Kwani wewe?"

"Msukuma."

Akaweka kalamu chini. Wagogo na Wasukuma ni watani tangu enzi za mababu, na mtani haombi ruhusa.

"Yesu wangu! Msukuma ofisini! Na baiskeli umeifunga wapi?"

"Karibu na mlango, mama, ule ulioushika kwa mkono wa mlenda. Sasa kitasa kinateleza, wateja hawawezi kuingia."

"Toa michembe yenu ya viazi vikavu mfukoni kwanza ndiyo uniongeleshe!"

Jamani, mtu asiyekula siku nyingi huwa haulizi mboga gani. Nilimwambia akifa nitakwenda Dodoma nilale ndani ya kaburi lake mpaka wanawe wanipe jogoo. Akasema yeye kwangu hatasumbuka kuja, maana jeneza la Msukuma kwa ukubwa halipiti mlangoni. Akacheka, akavua miwani, akafuta machozi kwa mtandio. Nilikuwa nimesahau kwamba mimi huwa nachekesha.

Mara akatazama saa. "Ee, maskini! Muda wako umeisha na sijakuuliza kitu. Haya, sema haraka, kazi ya hapa unaionaje?"

Neno likafika kwenye meno. Nikamtazama, bado mabega yanamtikisika. Kumwambia sasa hivi ingekuwa kama kummwagia maji mtu aliyekuwashia moto ukaota.

"Tamu kama mlenda, mtani."

Akaandika huku anacheka. Gari lake likaondoka kuelekea Tarime, vumbi likatua, mimi nikaenda kwenye ugali wangu.

Mapendekezo yalipokuja, Waitara aliniita mlangoni, mlinzi wetu Thadeo akiwa amesimama hapo hapo.

"Mura, wewe unabaki. Mama amesema hajaona mfanyakazi mwenye furaha kama wewe, usiguswe. Kahama wamempata mtu mwingine." Akanipa mkono. "Na mimi nilidhani ulikuwa unataka kwenda kwenu."

Safari hii kioo hakikuwepo, kwa hiyo nikalisema lote.

"Nilitaka, bosi. Hapa nina upweke."

Waitara alinitazama kidogo. Kisha akapasuka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akamgeukia Thadeo, akamtafsiria kwa Kikurya, na Thadeo naye akainama akipiga goti lake kwa kiganja.

"Wewe Masanja!" Waitara akasema, akijifuta macho. "Wewe utatuua!"

Halafu akatazama jua, akaenda kwake kula.