Mashahidi wa Jumamosi

Sina subira, nisiwadanganye. Nilijiunga na lile kundi la kujisomea mtandaoni, la washauri nasaha wanaofanya tiba ya simulizi, kwa sababu moja tu: mdogo wangu alikuwa anampiga mkewe, na miaka yangu kumi na miwili ya kazi hiyo haikufua dafu mbele yake. Fomu yao ilitaka hadi namba ya nyumba, eti kwa ajili ya dharura. Nikanung'unika, nikaijaza.

Jumamosi saa nne asubuhi, nyuso kumi na moja kwenye kompyuta, kila mtu na ukuta wake nyuma. Somo la kwanza likaniingia moja kwa moja. Mtu na tatizo lake ni vitu viwili. Mwambie alipatie tatizo jina, alitazame likiwa nje yake, ndipo apambane nalo. Hewaa! Dawa si hii hapa? Mwezeshaji wetu, mama mtu mzima mwenye sauti ya mafua, alikuwa bado anaongea: wale wanaopiga wenzao tusiwaguse kwa njia hiyo mpaka somo la tano. Nani asubiri somo la tano? Jioni ile ile nilikuwa karakanani kwa mdogo wangu.

Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na tisa, yeye saba. Nimemlea mimi. Nimemkingia kifua kwa walimu, kwa baba, kwa majirani. Nikamuuliza, "Hiyo hasira yako ingekuwa mtu, ungemwitaje?"

Akavua miwani yake ya kazi, akacheka. "Bwana Mkubwa." Halafu akalia, jamani, na mimi nikalia. Nikarudi nyumbani kichwa juu.

Wiki tatu baadaye alimng'oa wifi meno mawili kwa mpini wa nyundo. Nilipomkabili alinitazama machoni bila haya hata chembe.

"Si mimi, Dada. Ni Bwana Mkubwa. Si wewe mwenyewe uliyenifundisha?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ijumaa wifi alihamia kwangu na mfuko mmoja wa nguo. Kesho yake nikafungua kompyuta, nikawasimulia wenzangu kila kitu, isipokuwa kimoja: nilisema ni mteja wangu. Ndiyo, nilimkingia kifua hata pale.

Kundi letu lina desturi yake. Ukishasimulia, hakuna anayekushauri. Unanyamaza, na wenzako, mmoja mmoja, wanasema walichokisikia na kukiona, kama mashahidi. Wa mwisho kusema ni wewe msimuliaji.

Mwezeshaji alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo, mlango ukapigwa kwa kishindo. Mlango ule wa chuma alinitengenezea mdogo wangu mwenyewe, na alijua komeo lake lina udhaifu wapi. Teke la tatu likaung'oa. Akaingia na nondo mkononi.

"Yuko wapi?"

Wifi alikuwa anatoka jikoni. Pigo la kwanza lilimpata mkononi, nikasikia mfupa ukivunjika. La pili begani. Nikamrukia mdogo wangu mgongoni, nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu yake. Akanibwaga juu ya kiti, kikavunjika chini yangu. Wifi alikuwa ameshaanguka, naye anamkanyaga mbavu huku akipayuka, "Bwana Mkubwa kaja! Bwana Mkubwa huyo!"

Ndipo kompyuta ikasema.

"Nimemwona mwanamume mwenye shati la bluu akimpiga mwanamke kwa nondo." Ilikuwa sauti ile ya mafua. Kamera nilikuwa sijaizima.

"Nimemwona akimvunja mkono," akasema wa pili.

"Nimemwona akimkanyaga mtu aliyekwisha kuanguka."

Waliendelea hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, bila kupiga kelele, kama ilivyo desturi yetu. Mdogo wangu alisimama, nondo ikiwa bado juu, akizitazama zile nyuso zinazomtazama.

"Si mimi," akawaambia. Akanigeukia. "Waambie, Dada. Waambie ni nani."

Wa kumi na moja akamaliza. Ikawa zamu yangu. Wifi alikuwa sakafuni, anapumua kwa shida, mdomo umejaa damu, na jicho lake moja lililobaki wazi limenikazia mimi, wala si yeye.

"Nimemwona mdogo wangu," nikasema. "Wa tumbo moja na mimi. Hakuna mteja. Hakuna Bwana Mkubwa. Ni huyu, na anamuua mkewe."

"Polisi na gari la wagonjwa wako njiani," akasema mwezeshaji. "Namba ya nyumba tunayo."

Nondo ikamponyoka. Akakaa chini penye vipande vya kiti, akalia vile vile alivyolia siku ya mazishi ya mama, na moyo wangu ukauma kweli kweli.

"Dada," akasema, "wakifika utawaambia nini?"

Nikaiokota nondo, nikaenda kusimama mbele ya wifi.

"Hayo hayo uliyoyasikia."