Siku Tatu za Mia Tisa Tisini na Tisa

Kicheko cha wanafunzi kilimkuta binti mfanya usafi wa shule na tambara mkononi, akifuta vumbi la madirisha ya chumba cha kompyuta. Mwalimu alikuwa amewapakulia wanafunzi takwimu za mvua ambazo ofisi ya hali ya hewa imeziweka wazi mtandaoni, yeyote ajichukulie bure, ili watunge programu ya kuzichora. Programu ikachora nguzo kwa kila mwezi, na moja ikawa ndefu kama mnara. Nyingine zote zilionekana visiki tu.

"Milimita mia tisa tisini na tisa kwa siku! Tena siku tatu mfululizo!" alisema msichana wa dawati la mbele. "Aliyepima alikuwa amelewa chakari!"

Mfuta vumbi hakucheka. Kituo kile cha kupimia mvua kilikuwa cha shule hiyohiyo, na aliyepima kila asubuhi saa tatu kwa miaka kumi na tisa alikuwa mama yake.

"Basi, tutafute kituo kingine," mwalimu alisema. "Hiki hakiaminiki."

Neno hilo lilimchoma. "Mwalimu, naomba ungoje mpaka kesho. Mpimaji ni mzazi wangu."

Mwalimu akakubali.

Nyumbani alimkuta mama anashona kifungo. Akamweleza. Mama akauma uzi, akawaza.

"Tarehe hizo si ndizo ulizolazwa kwa surua? Nilikuwa kitandani kwako. Sikupima, nikaacha wazi."

"Si ungeandika sifuri tu, mama?"

"Wee! Sifuri maana yake nimeinama, nimechungulia chupa ya kupimia mvua, nimekuta pakavu. Niliinama wapi mimi?"

Kesho yake mama alikwenda darasani mwenyewe, daftari la vipimo kwapani. Mistari mitatu ilikuwa mitupu. Mwalimu akajipiga paji la uso.

"Kumbe ofisi huandika mia tisa tisini na tisa pale ambapo hakuna kipimo! Maelezo yalikuja pamoja na takwimu, mimi ndiye sikuyasoma. Tusamehe, mama."

Wanafunzi wakaiagiza programu iiruke namba hiyo. Mnara ukatoweka, na miezi ya mvua ikasimama juu ya miezi ya kiangazi, kila mmoja kwa kimo chake.

"Shikamoo, bibi," alisema yule msichana, macho chini. "Kumbe umekosa siku tatu tu, miaka yote hiyo!"

"Marahaba. Ni nne," mama alisema. "Moja nilichelewa kurudi kutoka harusi ya mdogo wangu, chupa nikakuta imepinduliwa na mbuzi. Nikakisia milimita sita."

Binti akajifunika uso kwa tambara. "Mama, jamani! Nani kakuuliza?"

"Aniulize nani, na mkono ulioandika ni wangu?"

Darasa likacheka, safari hii pamoja naye. Mwalimu akavuta kiti, akamsogezea kibodi. "Basi hiyo sita ifute mwenyewe, mama."

Mama akanyoosha kidole kimoja, akabonyeza kama anayejaribu pasi ya moto. Binti akasimama nyuma yake, akimshika bega.

"Imefutika?"

"Imefutika, mama."

"Hebu angalia tena."