Upele Wangu Mniachie

Wacha niseme mapema ili tusichoshane: sijawahi kuvuta sigara. Hata siku moja. Watu wa mtaa wetu wa Maringo, hapa Nairobi, wakisikia una saratani ya mapafu wanakutazama vidole kwanza, wanatafuta rangi ya fegi, halafu ndio wanakupa pole ya kinafiki. Mimi ni Wangu, mama yake Muriuki, nauza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, karibu na korti za Makadara, na moshi niliowahi kuvuta ni wa jiko langu tu. Pole zao wakae nazo.

Basi nilipoanza tembe za saratani, uso ulilipuka. Pua, mashavu, kidevu mpaka kifuani, upele mwekundu wenye vichwa vya usaha kama wa kijana anayebaleghe. Mteja wangu mmoja, karani wa korti anayekula kwangu kila siku, aliangalia sahani, akaniangalia mimi, akasema eti amekumbuka hana njaa. Nikamwambia, "Kula au uende, lakini usiusome uso wangu kama faili." Akaenda.

Dada yangu mkubwa, Shiru, alikuwa ametoka Murang'a kuja kuniuguza. Shiru ni mtu wa kanisa, wa kitambaa cheupe kichwani na wimbo saa zote, na anakupenda kwa nguvu kama anayefua blanketi. Alipouona ule upele alilia.

"Hizo dawa zinakuchoma, Wangu. Ziache, hata wiki moja tu, ngozi ipumue."

"Siachi."

"Kwani utakaa hivyo?"

"Nitakaa hivi hivi. Anayeona haya aangalie ukuta."

Sikuwa najitia ujasiri wa bure. Daktari Amino, msichana wa Eastleigh mwenye hijabu nyeusi na sauti isiyopanda, alikuwa amenieleza mambo kabla sijameza tembe ya kwanza. Alinieleza kama mtu anayezungumza na mtu mwenzake. Alisema juu ya seli kuna kipokezi, ukipenda kiite swichi. Mwili ukitaka seli igawanyike, unaiwasha, zikitosha, unaizima. Kwenye uvimbe wangu, jeni inayotengeneza hiyo swichi iliharibika, swichi ikakwama ikiwa imewashwa, na seli zikawa zinazaana tu bila kutumwa. Walikuwa wamekata kipande cha nyama ya pafu wakakipima, wakaliona kosa lenyewe.

"Si kila saratani ya mapafu ina kosa hili," aliniambia. "Asiyekuwa nalo, tembe hii haina kazi kwake. Wewe unalo, mama. Kwa hiyo tuna mahali pa kuishikia."

Tembe inakwenda kukaa pale pale kwenye swichi na kuizima. Ubaya ni kwamba swichi za aina hiyo ziko kwenye ngozi pia, nzima, hazina kosa, nazo zinazimwa. Ndiyo maana upele unatoka. "Usiuogope," akasema. "Si kipimo, na kuna wanaopata nafuu bila huo. Lakini mara nyingi ukitoka, ni kwamba dawa imefika."

Nilitoka pale kichwa juu. Kikohozi kilichonitesa mwaka mzima kikanyamaza, nikaanza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Wengine wakiziona chunusi wanatafuta krimu. Mimi nilizihesabia baraka.

Shida ilikuwa tumbo. Zile tembe zilileta kiungulia cha kunitoa machozi, na kwetu kiungulia kina dawa yake tangu enzi za nyanya: magadi. Yale yale tunayotia kwenye githeri mahindi yalainike haraka. Shiru akawa ananikorogea magadi kwenye maji ya uvuguvugu kila asubuhi, nakunywa, nameza tembe yangu juu yake. Raha ilioje! Kifua kilitulia, nikaanza kula kama watu.

Halafu uso ukasafika.

Shiru alinishika kidevu akanigeuzia dirishani, akatazama shavu hili, akatazama lile, kisha akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Celine wa mlango wa pili aliapa kwamba ameona muujiza kwa macho yake mawili. Kabla jua halijatua dada yangu alikuwa ameshawaalika watu wa kanisa waje nyumbani Jumapili kwa ibada ya shukrani, unga wa chapati umeshanunuliwa, nami nimepangiwa kusimama nitoe ushuhuda kwamba nimepona.

Nilicheka nao, lakini kwa mdomo tu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kila mtu alikuwa anashangilia, na mimi mwenye ugonjwa nilikuwa najiuliza: kama upele ni alama ya dawa kufika, umekwenda wapi? Na Alhamisi, nikiwa napakua githeri, nikakohoa. Kile kile cha zamani, kikavu, kinachotoka chini kabisa.

Ijumaa nilikuwa kwa Daktari Amino. Alinisikiliza kifua, akanituma nipigwe picha, na aliporudi nayo hakuwa na habari njema. Uvimbe uliokuwa umenywea ulikuwa umeanza kujaa tena.

"Tembe unameza kila siku?"

"Kila siku."

"Kuna dawa nyingine unatumia? Ya tumbo, au ya mitishamba?"

"Hakuna."

"Una hakika, mama?"

Hapo nikapandwa na hasira. "Daktari, nimetembea na uso wa kutisha watoto kwa ajili ya hizo tembe zako, halafu unaniuliza kama nasema uongo?"

Hakupandisha sauti. Ndivyo alivyo, na inaudhi kweli. "Basi nisimulie asubuhi ya leo. Uliamka, ukaweka nini mdomoni?"

"Maji yangu ya magadi. Halafu tembe. Halafu chai na mkate."

Akaweka kalamu mezani. "Magadi."

"Magadi si dawa," nikamwambia. "Ni ya jikoni."

Haiya! Kumbe tembe yangu inahitaji tumbo lenye uchachu ndipo iyeyuke, na magadi kazi yake ni kuua uchachu. Nilikuwa naimeza kwa uaminifu, nayo nyingi inapita zake bila kuingia kwenye damu. Ngozi yangu ilisafika kwa sababu dawa haikuwa inaifikia. Na kama haifiki kwenye ngozi, kwenye uvimbe ingefikaje?

"Pengine ni magadi," Amino akasema. "Pengine ni jambo jingine. Saratani nayo hubadilika, swichi ikageuka umbo na tembe isikae tena. Leo siwezi kukuambia ni lipi. Acha magadi kabisa. Hicho kiungulia nitakutafutia njia isiyogombana na tembe. Kama kosa ni la magadi, dawa itakamata tena. Kama si hilo..."

Nikabeba mkoba wangu nikatoka.

Jumapili sebule ilijaa mpaka watu wakakaa mlangoni. Waliimba, wakaomba, Shiru akanishika mkono akanisimamisha. Alikuwa amenivalisha gauni lake la buluu. Nikawatazama wote, nyuso zinang'aa kwa furaha yangu, na nikajua nikisema ile sentensi wanayoingojea nitakuwa nimejizika mwenyewe.

"Sijapona," nikasema.

Mtu mmoja akasema amina kwa mazoea.

"Hapana, msiitikie. Sijapona. Huu uso mzuri mnaousifu ni kwa sababu dawa yangu imelala. Tumeilaza kwa magadi. Uvimbe umeanza kukua tena, na mimi nataka upele wangu urudi. Kama mmekuja kuniombea, niombeeni huo. Na mwenye kuambiwa aache tembe kwa sababu ya chunusi, aje aniulize mimi kwanza. Sasa kuleni chapati."

Walikula, lakini haraka haraka. Walipoondoka, Shiru alinijia jikoni.

"Umenivua nguo mbele ya kanisa langu!"

"Na wewe ulitaka nivae uongo!"

"Mimi nilitaka uwe mzima!" Akaliona kopo la magadi juu ya rafu. Akakaa kwenye kiti cha plastiki. "Wangu. Kwa hiyo ni mimi? Kila asubuhi nilikuwa nakuua kwa mkono wangu?"

Hasira yangu iliisha hapo hapo. "Hukujua. Na aliyekunywa ni nani? Hata daktari aliniuliza nikamkatalia." Nikamkumbatia, akalia kwenye gauni lake mwenyewe.

Kungoja, mwenzangu, ndiko kulikonitesa kuliko ugonjwa. Kila asubuhi tembe na maji matupu. Kiungulia kilinichoma, nikakiacha kichome mpaka ifike saa ya ile dawa ya tumbo aliyonipa Amino. Nilikuwa najitazama kwenye kioo kama msichana anayesubiri mchumba, na uso ukawa laini tu, laini wa kuudhi. Kikohozi kikazidi. Karani wa korti alirudi kula, akaniambia nimependeza siku hizi. Nusura nimmwagie mchuzi.

Kisha asubuhi moja, nikinawa, kidole kikagonga kitu pembeni mwa pua. Kigumu, chenye joto, kinauma. Nikakishika tena nisije nikawa nimejidanganya. Kesho yake kulikuwa na vingine kwenye mashavu, na kidevu kikaanza kuwasha. Nilikwenda kibandani bila leso, bila poda, nikapakulia watu nikiimba. Aliyetaka kuondoka aliondoka.

Picha iliyofuata ilionyesha uvimbe umenywea, mdogo kuliko hata mwanzo. Amino alitabasamu, mara ya kwanza namwona meno. Lakini hakunificha: ipo siku swichi itabadilika kweli, tembe hii itashindwa, na itabidi tupime upya tutafute nyingine.

"Na ibadilike," nikamwambia. "Ikibadilika nasi tunabadilika. Mimi sijaja hapa kuiaga dunia."

Jioni hiyo tulikaa mezani, mimi na dada yangu. Shiru akainamisha kichwa abariki chakula.

"Baba," akasema, "asante kwa chakula. Na ule upele wa Wangu, tafadhali usiuguse. Niliomba vibaya mara ya kwanza. Uache pale pale usoni pake, na wanaoucheka waache wacheke, lakini usiuondoe, Baba, nakusihi, usiuondoe."

Nikaitikia amina kabla hajamaliza.