Droo za Mjomba

Kabati lilikuwa la watu watatu. Kamanda alitengeneza fremu na mgongo, Redio akatengeneza milango, na Mjomba akapewa droo mbili. Kamanda ndiye aliyegawa kazi. Alikuwa msichana mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa maneno, na hakuna aliyemchagua kuwa kiongozi. Alianza tu kusema wewe fanya hivi, wewe fanya vile, wakafanya, jina likamganda. Redio alikuwa kijana asiyefunga domo hata akiwa na misumari katikati ya meno. Mjomba hakuwa mjomba wa mtu pale chuoni. Alikuwa mtu mzima, ndevu zimeshaanza mvi, aliyeacha kubeba mizigo baada ya mgongo kumshinda, akaja kukaa benchi moja na watoto wa rika la binti yake.

Mwaka uliopita alianguka mtihani huuhuu. Chuo kiliruhusu mtu kurudia mara moja tu. Akianguka tena, ni kufungasha randa na patasi zake na kwenda nyumbani bila cheti, na hilo karakana nzima ililijua.

Mtihani wenyewe ulikuwa na utaratibu wake. Kikundi kinaleta kitu kimoja, lakini kila mwanafunzi anasimama, anaweka mkono juu ya sehemu aliyoitengeneza mwenyewe, anaeleza alivyoifanya. Mtahini hamkatizi mpaka mkono uondoke. Sehemu isiyowekewa mkono haina alama.

Siku moja kabla ya mtihani, Mjomba aliaga mapema kwenda kuchukua dawa za mgongo. Droo zake aliziacha juu ya benchi. Alikuwa ameziunga kwa meno, yale yanayoshikana kwenye kona kama vidole vya mikono miwili, bila msumari hata mmoja. Hakuwa amezitia gundi bado.

"Asubuhi nitakuja mapema, nizitie," alisema. "Ni kazi ndogo."

Alipotoka tu, Kamanda aliichukua droo ya kwanza na kuitikisa. Ikacheza.

"Umeona hii?" alimwambia Redio. "Meno yana mianya, panya anapita."

"Panya mnene au mwembamba?"

"Sitanii. Kesho droo ikikataa kuingia tumekwisha."

"Si amesema ataitia gundi asubuhi?"

"Asubuhi ya Mjomba inaanza saa ngapi? Yule kupiga mstari mmoja ni safari."

"Basi mpigie simu."

Simu Kamanda alikuwa nayo mfukoni. Hakuitoa. Kumpigia kungekuwa kubembelezana, kusubiriana, kusikiliza maelezo, na msumeno ulikuwa tayari mkononi.

"Shika hapo," alisema.

Redio akashika. Kamanda aliacha mbao za mbele, akakata meno yote ya pembeni, akaweka mbao mpya za ubavuni na kuzipigilia misumari. Alifanya vizuri, hilo hawezi kunyimwa. Droo ziliingia bila kukwaruza, zikatoka kwa kidole kimoja. Akazipaka vanishi mbele, akafagia vumbi na vipande vya meno, akavimwaga kwenye pipa la takataka.

"Atajua?" Redio aliuliza.

"Kwa mbele ni zilezile. Atashukuru."

Asubuhi Mjomba alikuja mapema kweli, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono ina makali, na kopo la gundi ndani ya mfuko. Akamkuta Kamanda mlangoni. Kabati lilikuwa limeshaingizwa ukumbini.

"Nimeshazitia gundi jana, Mjomba," Kamanda alisema. "Usijisumbue."

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Maneno yalitoka yenyewe, na yalipokwisha kutoka hayakurudi.

"Kumbe," alisema Mjomba. "Ahsante, mwanangu. Sikulala vizuri kwa ajili ya hizo droo."

Mtahini alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimsikiliza Kamanda juu ya fremu, kisha Redio, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alisema maneno machache, halafu akamgeukia Mjomba. Mjomba akaweka kiganja juu ya droo ya juu.

"Mama, mwaka jana nilipigilia misumari, mbao ikapasuka," alianza, taratibu, kama mtu aliyejifunzia mbele ya kioo. "Mwaka huu nikasema msumari sigusi. Nimeunga kwa meno. Nilichora, nikakata kwa msumeno mwembamba, nikamalizia kwa patasi. Hili la chini kushoto nililikosea alama, lina mwanya, nikalijaza kwa kipande. Sikulificha. Tazama."

Akaivuta droo.

Vichwa vya misumari viling'aa kwenye kona, vimepangwa kwa mstari ulionyooka. Mjomba alipitisha kidole gumba pale chini kushoto, akatafuta, akakirudisha, akatafuta tena. Hakumtazama mtu. Mkono wake mwingine ulibaki juu ya ile mbao ya mbele, na kwa kuwa ulibaki, hakuna aliyeruhusiwa kusema neno. Wanafunzi wa vikundi vingine waliacha kunong'ona. Kamanda alitamani mkono ule uondoke, na alitamani usiondoke kamwe.

Ukaondoka.

"Samahani, mama," alisema Mjomba. "Hii si kazi yangu."

"Ni ya nani?"

"Siwezi kusema."

Lakini alijua. Mle ukumbini hakuna aliyekuwa akipanga misumari kwa unyoofu ule ila mmoja. Mtahini aliinamisha kichwa, akaanza kuandika. Redio alikuwa akikagua dari kana kwamba ataulizwa habari zake. Kamanda aliona kwamba akinyamaza dakika moja tu zaidi, fremu yake itapata alama zake nzuri, na Mjomba atatoka kwenye geti la chuo na shati lake la pasi.

"Ni yangu," alisema.

"Njoo uweke mkono."

Akaenda. Vanishi ilikuwa bado inanata kidogo.

"Nilizibadilisha jana. Niliona hatawahi."

"Ulimuuliza?"

"Hapana."

"Hukuwa na simu?"

"Nilikuwa nayo."

"Alizotengeneza mwenyewe ziko wapi?"

"Nilizikata meno."

Mjomba ndiye aliyeuliza lililofuata, kwa sauti ya chini, kama anaulizia mgonjwa.

"Zote mbili?"

"Zote mbili, Mjomba."

"Hata ile iliyokaa vizuri?"

Kamanda hakuwahi kuitazama ya pili.

Mtahini alivua miwani. "Droo hizi hazina alama za mtu yeyote," alisema. "Bado nina vikundi vingine. Mzee, ukiniletea kona moja yenye meno kabla sijaondoka, nitaitazama. Zaidi ya hapo sina ruhusa."

Mjomba alikwenda karakanani bila kukimbia. Kamanda akamfuata na mbao mbili nzuri, alizozichagua kwa haraka.

"Nikushikie?"

"Jiliwa lipo, litashika." Aliibana mbao kwenye kile kibano cha benchi, akachora mstari, akaufuta, akauchora tena. "Wewe kazi yako umemaliza. Kapumzike."

Alisema bila hasira, na heri angetukana. Kamanda hakwenda kupumzika. Alisimama karibu na ukuta, mikono ikimwasha, akiangalia kila unyoya wa mbao unaodondoka kutoka kwenye patasi ile ya polepole, na hakuthubutu kusema ongeza mwendo.

Mtahini alishika ile kona akiwa tayari na mkoba begani. Akaivuta. Ikakaa.

"Kuna mwanya hapa."

"Upo, mama. Nimeuona."

Akaandika alama ya kupita, ile ya chini kabisa, na Mjomba akamshukuru kwa mikono miwili.

"Mjomba, nisamehe," Kamanda alisema walipobaki watatu.

"Nimesikia," alijibu, akiifunga patasi ndani ya kitambaa.

Mwalimu aliamuru droo zile zitolewe. Kabati likarudishwa karakanani likiwa na mashimo mawili mbele, likawekwa karibu na mlango, pale anapopita kila mtu. Wiki nzima watu waliuliza droo ziko wapi. Redio alifungua mdomo, akamtazama Kamanda, akaufunga. Basi ikawa ni Kamanda anayemjibu kila anayeuliza, akisimulia alichofanya tangu mwanzo.